Jina Nisiloliandika

Nilizaliwa Ngara mwaka 1949, katika nyumba tuliyosema Kihangaza. Kiswahili nilikipata shuleni. Mwaka 1960 nilifanya mtihani wa darasa la nne. Siku hizo mtihani huo ulikuwa mlango mwembamba. Aliyepita aliendelea na shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Aliyekwama alirudi kwenye migomba ya baba yake, na habari zake za shule zikaishia hapo. Kijijini kwetu tulipita wawili. Furaha yangu siikumbuki vizuri. Namkumbuka rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, ambaye tangu siku ile alianza kunipisha njiani kama anavyopishwa mtu mzima.

Historia ya elimu ya nchi yetu yaweza kusomwa kama historia ya mlango huo, jinsi ulivyohamishwa toka mahali hadi mahali. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitutaka walimu tuache kuiona shule ya msingi kama ngazi ya kupandia sekondari. Iwe elimu iliyokamilika yenyewe, kwa kuwa watoto walio wengi hawangekwenda mbele zaidi. Mwaka huohuo nilitoka chuo cha ualimu na kupangwa Biharamulo, nikaamini kila neno.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Mchujo wa darasa la nne ukaondolewa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 watoto walitujaa hata tukafundisha wengine chini ya miti.

Sekondari, hata hivyo, hazikuongezeka kwa mwendo huo. Katika miaka ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika 5 waliopata nafasi katika sekondari za Serikali. Tena nafasi ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, hivyo alama zilezile zingeweza kumpeleka mtoto sekondari upande mmoja wa nchi na kumwacha nyumbani upande mwingine. Ndiyo maana wazazi walisema "kufaulu" wakimaanisha "kuchaguliwa". Mtoto aliyejua kusoma, kuandika barua na kupiga hesabu za shamba aliitwa amefeli kwa sababu viti vilikwisha.

Nilirudi Ngara nikiwa mwalimu mkuu. Ndipo ikaja tarehe 28 Aprili 1994. Kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Benaco, palipokuwa pori, pakawa mji. Sina neno la kuwalaumu waliokimbia kifo. Nasema tu yaliyoipata shule. Miti ilikwisha, na kuni zikawa mbali. Mashirika ya misaada yalihitaji watu wa kuajiri, na walimu wangu wawili wakaacha chaki wakafuata mshahara mnono. Watoto nao waliacha madaftari wakaenda kambini kuuza ndizi na mihogo. Matokeo yetu yakaanguka. Katika kikao cha walimu wakuu orodha ilisomwa kwa sauti kutoka juu hadi chini, na jina la shule yangu likasomwa wakati watu wameshaanza kukusanya kofia zao.

Mwaka uliofuata niliamua kwamba aibu ile haitanirudia. Hapa msomaji aniruhusu nifundishe hesabu kidogo. Shule ikiwa na watahiniwa 40 na wakafaulu 10, hiyo ni asilimia 25. Ukiwaondoa watoto 15 walio dhaifu kabla ya mtihani, waliofaulu ni walewale 10, lakini sasa ni asilimia 40. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezewa maarifa, ila mwalimu mkuu anapongezwa. Watu hutazama namba ya juu. Ya chini haiulizwi na mtu.

Basi nilipojaza fomu za watahiniwa wa mwaka 1995 niliacha majina kadhaa, na mbele ya kila moja nikaandika "mtoro". Haukuwa uongo kamili, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mmoja wao alikuwa kijana aliyekuwa akiuza ndizi Benaco. Nilimwona kwa macho yangu akirudisha chenji ya shilingi na ya faranga, bila karatasi, huku akibishana na wateja watatu. Hesabu alizijua. Jina lake sikuliandika.

Miaka minane baadaye alinijia nyumbani, mtu mzima mwenye mke. Alitaka kazi ya ulinzi, akaambiwa alete cheti cha kumaliza darasa la saba.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilifeli?"

"Hukufeli. Hukufanya mtihani."

"Lakini siku ile nilikuja, Mwalimu. Nilikuwa na penseli. Ukaniambia nirudi nyumbani."

Nilikuwa nimesahau. Alipotamka penseli nilimwona tena, amesimama kando ya ua, na askari aliyeleta mitihani akitutazama sote wawili. Nilimwambia yule mtu ukweli wote, namba ya juu na ya chini. Alinisikiliza, akasema "Haya, Mwalimu", akaniaga kwa heshima. Kama angenitukana, nadhani ningelala usingizi usiku ule. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilistaafu mwaka 2009. Mlango umehamishwa tena: ada ya shule ya msingi ilifutwa, sekondari za kata zikajengwa, na kuchaguliwa si bahati ya wachache tena. Mwaka 2012 majibu ya darasa la saba yalianza kusahihishwa kwa mashine, na waliofaulu nchini wakawa asilimia 30.7, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 58. Je, akili za watoto wa taifa zima zilipungua kwa miezi kumi na miwili? Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Wengi walinung'unika. Mimi nilikumbuka kile kikao na zile kofia.

Siupingi mtihani. Mwalimu asiyepima hajui alichofundisha. Ila wajukuu wangu wanaofundisha wakiniletea asilimia zao, huwauliza kwanza: mmegawanya kwa wangapi, na wengine wako wapi?

Huenda msomaji angependa kulijua jina la yule kijana. Ninalijua, hata la baba yake. Lakini sikuliandika pale ambapo lingemfaa yeye, na sioni haki ya kuliandika hapa ambapo lingenifaa mimi.