Historia ya Gia na Walimu Wake

Wako wasomaji watakaojiuliza imekuwaje mtu aliyesoma historia Chuo Kikuu, tena mtumishi wa serikali, aache habari za Vita vya Majimaji na Mkutano wa Berlin tulizofundishwa hapa shuleni, aje kuandika habari za gia za motokaa. Jibu langu ni kwamba historia haikai katika mikataba na vita tu. Imo pia katika vyombo vinavyoshikwa na mikono ya watu kila siku. Aidha, wadogo zetu waliomo madarasani sasa, wengi wao watajifunza udereva katika gari la otomatiki lenye pedeli mbili, na huenda wasielewe kamwe kwa nini baba zao walihitaji tatu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Injini ya petroli au ya dizeli si kama maksai wa plau, ambaye huweza kuanza kuvuta akiwa amesimama. Injini ikizunguka polepole mno huzima, na ikizunguka kwa kasi mno hujiumiza. Nguvu yake iko katikati. Magurudumu kwa upande wao hutaka kuanzia sifuri. Kwa hiyo baina ya injini na magurudumu hapana budi pawepo klachi, ambayo kazi yake ni kuachanisha na kuunganisha polepole, na pawepo pia magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali, ya kugeuza kasi kuwa nguvu na nguvu kuwa kasi. Gia namba moja ni sawa na mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo mrefu. Mkono husafiri sana, jiwe husogea kidogo, lakini linang'oka.

Motokaa ya Karl Benz, iliyopewa hati ya uvumbuzi huko Ujerumani mwaka 1886, ilikuwa na mwendo mmoja tu. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliichukua bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilometa 100. Kwenye vilima vikali gari lilishindwa, ikabidi wateremke na kulisukuma. Kwenye miteremko breki za mbao ziliungua, akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Aliporudi alimweleza mumewe yote, na Benz akaongeza gia ya kupandia milima. Mimi hupenda sana habari hii, kwani inaonyesha kuwa gia ile haikutokana na hesabu za mezani. Ilitokana na malalamiko ya watu waliosukuma.

Mtindo wa giaboksi tunaoujua sisi, ambapo magurudumu ya meno husogezwa juu ya shafti hadi yakakamatana, ulienezwa na Wafaransa Panhard na Levassor katika miaka ya 1890. Husimuliwa kwamba Levassor mwenyewe alikiri kuwa njia hiyo ni ya kikatili, ila inafanya kazi. Mwaka 1898 kijana Louis Renault alirekebisha jambo moja kubwa, akaifanya gia ya juu ipitishe nguvu moja kwa moja kutoka kwenye injini bila kuzungukia meno mengine, na usiku wa kuamkia Krismasi mwaka huo akaupanda mlima wa mtaa wa Lepic mjini Paris mbele ya rafiki zake. Ndipo biashara ya Renault ilipoanzia.

Ukatili aliousema Levassor uliwaangukia madereva. Magurudumu mawili ya chuma yanayozunguka kwa kasi tofauti hayakubali kukamatana, hulia na kumeguka meno. Dawa yake ilikuwa kukanyaga klachi mara mbili. Unakanyaga, unatoa gia na kuweka frii, unaachia klachi. Kama unashuka gia unapiga mafuta kidogo ili injini ipande, kisha unakanyaga tena na kuingiza gia, nayo inaingia kama kisu kwenye papai. Ukikosea kipimo, barabara nzima inajua. Henry Ford alijaribu kuwaepusha wateja wake na adha hiyo. Gari lake la Model T, lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 kwa idadi inayopita milioni 15, lilikuwa na gia mbili za mbele zilizobadilishwa kwa pedeli ya kushoto, na pedeli ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma! Dereva wa leo akipandishwa humo atagonga ukuta kabla ya kusalimia.

Mtu aliyewapumzisha madereva ni mhandisi wa Kimarekani, Earl Thompson. Alibuni sinkromeshi, yaani pete zenye umbo la pia ambazo husuguana kwanza na kusawazisha kasi za gia mbili kabla meno hayajakutana. Cadillac walianza kuuza magari yenye chombo hicho mwaka 1928. Sasa angalia mkasa wa historia. Huyo huyo Thompson ndiye aliyeongoza wahandisi waliotengeneza giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile. Kwa hatua ya kwanza alimwondolea dereva kazi ya sikio, na kwa hatua ya pili akamwondolea kazi ya mguu wa kushoto.

Hatua hizo hazikufika kwetu kwa mpango huo. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, na ambayo ilibeba mabwana shamba, matabibu, polisi na kura za uchaguzi katika Tanzania nzima, ilikuwa na sinkromeshi katika gia ya tatu na ya nne tu. Gia ya kwanza na ya pili ziliachwa katika ukatili wa Levassor mpaka ilipotoka Series III mwaka 1971. Kwa hiyo wakati Wamarekani wengi walikuwa wamekwisha sahau habari ya kukanyaga klachi mara mbili, dereva wa wilaya hapa kwetu aliifanya kila kilima.

Waliosoma hapa miaka ya 1990 wanaikumbuka Land Rover ya shule, ile ya Series II, yenye vile vifundo viwili vya rangi pembeni mwa mkono wa gia, chekundu cha kuingiza gia nzito na cha njano cha kuunganisha magurudumu yote manne. Dereva wake alitufundisha baadhi yetu tuliokuwa tukimsaidia karakana siku za Jumamosi, kwenye uwanja wa mpira. Hakuwa mtu wa maneno. Alifunika saa ya spidi kwa leso, akasema, "Sikiliza." Ilitubidi tujue kwa sauti ni wakati gani injini inaomba gia ya juu na ni wakati gani inalalamika. Ukishaweza hapo alikupeleka kwenye mteremko wa jikoni, akaweka kiberiti nyuma ya gurudumu. Ulitakiwa kubalansi klachi na kuondoka bila kukiponda. Viberiti vilivyopondwa muhula ule ni vingi, na kila mmoja wetu alitakiwa alipe chake.

Kujifunza kwa namna hiyo kulikuwa ndiyo shule ya udereva kwa Watanzania wengi. Utingo alianza kwa kuosha lori na kuweka kabari nyuma ya gurudumu, akapanda daraja la kuliwasha asubuhi, akaruhusiwa kulisogeza gereji, na baada ya miaka kadhaa akapewa usukani usiku dereva alipochoka. Sheria ilipenda njia nyingine, na kwa haki kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kilianzishwa 1975. Lakini nathubutu kusema kwamba ufundi wa gia wenyewe ulipokewa kwa sikio, kutoka kiti cha kulia kwenda kiti cha kushoto, kama wajukuu wanavyopokea hadithi.

Ufundi huo ulipimwa kwelikweli baada ya Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini. Mafuta ya Zambia ikabidi yapite Dar es Salaam, katika mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilikuja 1968 na reli ya TAZARA ilikamilika 1975. Kabla ya hapo uzito huo ulibebwa kwa kiasi kikubwa na madereva na gia zao. Kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula wako madereva wengi waliojifunza Kitonga kile ambacho hakimo katika kitabu chochote cha fizikia tulichopewa hapa, kwamba mlima huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Gari likiwa ndani ya gia nzito, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inayozungushwa hukataa, ikashikilia lori lisikimbie. Anayetupa frii ili kuokoa lita moja ya mafuta ameachia kazi yote breki. Breki hupata moto, hulegea, na tani 20 hazina huruma. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Naongeza hapa jambo la kufurahisha, mhariri akiniruhusu. Mwaka 1966 na 1967 mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na dereva wa kutoka Tanzania, Bert Shankland, kwa gari la Peugeot 404, ambalo mkono wake wa gia haukuwa sakafuni bali kwenye shingo ya usukani. Wazee wa rika la baba yangu waliipenda 404 kwa sababu hiyo. Walikaa watatu mbele.

Magari ya otomatiki yalitujia kwa wingi baada ya milango ya biashara kufunguliwa, pale magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika bandarini tangu miaka ya 1990. Sina ugomvi nayo. Katika foleni ya Dar es Salaam mguu wa kushoto unastahili likizo, na mwenye ulemavu wa mguu huo amepata uhuru ambao gia za mkono zilimnyima. Zaidi ya hayo, magari ya umeme yanayoongezeka duniani kwa kawaida hayahitaji kubadilisha gia kabisa, kwa kuwa mota ya umeme huvuta kwa nguvu hata ikiwa imesimama, kama yule maksai. Huenda siku moja makala hii isomeke kama habari za ngalawa.

Lakini siku hiyo haijafika wilayani. Nimekaa mara kadhaa kwenye meza ya usaili wa madereva. Gari la wagonjwa linalosubiri nje ni Land Cruiser ya gia tano, na lori la maji nalo ni la gia. Wanaingia vijana wenye leseni safi, wanajibu maswali ya alama za barabarani vizuri kuliko mimi, kisha wanapelekwa uani na gari linazima mara tatu. Katika wilaya moja niliyofanya kazi gari la wagonjwa lililala siku mbili kwa sababu dereva wake alikuwa anaumwa na hakuna mwingine aliyeliweza; mama mjamzito alisafirishwa kwa pikipiki. Namshukuru Mungu alifika. Na hapo hapo nilijifunza jambo, maana aliyempeleka, kijana wa bodaboda aliyeishia darasa la saba, ndiye tuliyemchukua baadaye akafundishwa kazi. Klachi aliijua tayari, mkononi badala ya mguuni. Masikio anayo. Alihitaji wiki chache tu za uwanjani na kiberiti, kisha akaenda kutafuta leseni ya daraja linalostahili. Wenzangu na mimi tulizoea kuwacheka vijana wa bodaboda na wa bajaji, kumbe ndio waliobaki na elimu hii mijini.

Nayasema haya kwa kuwa ajenda ya mkutano wetu wa mwaka huu ina pendekezo la kuiuza Land Rover ya shule kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Imesimama nyuma ya karakana, injini imekufa na bodi imeliwa. Nilikwenda kuitazama mwezi uliopita nikiwa na fundi. Giaboksi ni nzima. Pendekezo langu kwa Kamati ni kwamba bodi iuzwe, giaboksi ibaki. Ikatwe ubavu mmoja ili meno yaonekane, ifungwe juu ya meza ya chuma, na shafti yake iwekewe hendeli ya kuzungushwa kwa mkono. Mwalimu wa fizikia ameniambia atapata humo vipindi vinne vya kidato cha tatu. Darasa letu tumekwisha changa fedha za fundi na za meza, na chumba cha karakana mkuu wa shule amekubali kukitoa. Kinachotakiwa ni kura ya mkutano Jumamosi saa nne asubuhi, kabla mnunuzi hajaleta mizani yake.