Kipimo cha vinasaba vya rangi ya manyoya ya kuku

Ni uchunguzi wa maabara unaosoma, kutoka tone la damu au shina la unyoya uliong'olewa, jeni za rangi ambazo kuku anaweza kurithisha. Thamani yake iko kwenye rangi iliyofichika, si inayoonekana. Weupe, kwa mfano, una vyanzo zaidi ya kimoja: badiliko la jeni ya PMEL17 hufunika weusi hata likitoka kwa mzazi mmoja, ilhali lile la TYR lazima litoke kwa wote wawili. Ndiyo maana jogoo mwekundu na tetea mweusi wanaochakura chini ya migomba ya Tukuyu, wilayani Rungwe, wanaweza kupata kifaranga mweupe pe, na jogoo wa jirani akashukiwa bure.

Wapo wasemao mfugaji wa Rungwe ana macho, yanamtosha. Kwa kuku wa kitoweo ni kweli. Hata kupandisha na kuhesabu vifaranga, njia ambayo William Bateson aliitumia kuonyesha mwaka 1902 kwamba kanuni za Mendel zinafanya kazi kwa kuku, ni rahisi zaidi. Ila hudai muda, na huvurugika kuku wakizurura pamoja. Anayezalisha mbegu ndiye anayefaidika na kipimo. Lakini kisitumiwe kutambulisha Kuchi au Horasi kwa rangi tu: aina hizo hutofautishwa zaidi kwa umbo, na rangi ndani yake ni nyingi. Matumizi ya uhakika zaidi ni kutenganisha vifaranga madume na majike kwa jeni ya milia, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia Z: tetea mwenye milia akipandwa na jogoo mweusi asiye nayo, vifaranga madume pekee huanguliwa na doa jeupe kichwani.