Sheria za mbio za magari kwenye udongo: nani hubadilisha, na nani hulipia?

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia mbio za magari, mawazo hukimbilia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Lakini ipo aina nyingine ya mbio, ndogo na iliyo karibu zaidi na mwananchi. Magari huzunguka uwanja wa udongo raundi baada ya raundi, na mtazamaji huona yote bila kuinuka kitini. Kenya jamaa yake wa karibu ni autokrosi, inayoendeshwa kwenye vumbi kwa makundi, kuanzia ya watoto hadi ya magari yenye nguvu kubwa.

Marekani kuna mamia ya viwanja vya namna hii, vingi vikiwa katika miji midogo. Madereva wake wengi ni watu wenye kazi nyingine mchana, wanaotengeneza gari wenyewe gereji usiku. Ndiyo maana sheria ikibadilishwa mjadala huwa mkali. Mstari mmoja ulioongezwa kwenye kitabu cha sheria unaweza kumfanya mtu auze gari lake.

Sheria za gharama

Mchezo huu ukiachwa huru, mwenye pesa nyingi hushinda kila wiki, wengine huchoka, na uwanja hubaki na magari matano. Vyama vimejaribu njia mbili kuu za kuzuia hali hiyo.

Ya kwanza ni haki ya kudai injini. Chama cha IMCA, kilichoanzishwa mwaka 1915, kilianzisha mwaka 1979 kundi la magari yaitwayo Modified, na sheria hii ikawa nguzo yake. Mbio zikisha, dereva aliyeshindwa anaweza kutoa kiasi kilichowekwa na chama na kuchukua injini ya mmoja wa waliomaliza mbele. Anayekataa kuitoa hupoteza pesa na pointi alizopata, na husimamishwa. Hesabu yake ni nyepesi: hakuna mtu atakayefunga injini ya bei ghali akijua inaweza kuondoka usiku huohuo kwa bei ndogo. Wanaoipinga husema hutumika kulipiza kisasi, na kwamba marafiki wanaweza kukubaliana chinichini wasidaiane.

Ya pili ni injini iliyofungwa kwa lakiri kiwandani. Zinazojulikana zaidi ni za Chevrolet, ile ya 602 yenye nguvu ya farasi takriban 350 na ya 604 yenye takriban 400. Dereva huinunua ikiwa tayari na haruhusiwi kuifungua ndani. Usawa huongezeka, lakini aliyetumia miaka mitatu kujenga injini yake hujikuta na chuma kisicho na soko, na fundi wa mtaani aliyekuwa akizitengeneza hupoteza kazi. Zaidi ya hayo, lakiri huhitaji mkaguzi anayeijua, la sivyo mjanja huifungua na kuirudisha.

Sheria za usalama

Hapa ubishi haupaswi kuwa mrefu, ingawa mara nyingi huwa. Chukua mikanda ya mbio yenye nembo ya SFI: muda wake wa kutumika ni miaka miwili. Dereva huitazama, huiona bado mizima, na kuuliza kwa nini anunue mingine. Jibu ni kwamba jua, matope na msuguano hudhoofisha nyuzi kabla jicho halijaona kasoro.

Tarehe 9 Agosti 2014, katika uwanja wa udongo wa Canandaigua, jimbo la New York, kijana wa miaka 20, Kevin Ward Jr., alishuka garini baada ya ajali, akatembea kwenye njia ya mbio, akagongwa na gari jingine na kufariki. Siku sita baadaye NASCAR ilitangaza sheria kwamba dereva asishuke kwenye gari lililokwama mpaka waokoaji wamfikie, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya ghafla. Ni sheria isiyogharimu hata senti moja, na bado ilisubiri mauti. Tahadhari kabla ya athari, wazee walisema.

Sheria za usawa

Uingereza, mbio za pikipiki za udongo huhesabiwa kuanzia mkutano wa High Beech wa tarehe 19 Februari 1928. Waendeshaji wanne huzunguka raundi nne, kwa pikipiki za sisi 500 zisizo na breki. Katika ligi zao kila mwendeshaji ana wastani wa pointi, na jumla ya wastani wa timu haipaswi kupita kiwango kilichowekwa. Kwa njia hiyo, klabu tajiri haiwezi kukusanya mabingwa wote. Ubaya wake ni kwamba kijana akifanya vizuri wastani wake hupanda, na msimu ujao anaweza kukosa nafasi kwa kuwa timu haina pa kumtia.

Kabla ya kunyoosha mkono

Kwa klabu yoyote inayojadili mabadiliko, iwe ya magari, pikipiki au ngalawa, kuna maswali ambayo mwanachama ana haki ya kuuliza mkutanoni:

– Sheria hii inatibu ugonjwa gani? Asiyeweza kuutaja asipewe kura.
– Nani atakagua, na kwa chombo gani? Sheria isiyokagulika humwadhibu mwaminifu peke yake.
– Itagharimu kiasi gani kwa gari moja, na vifaa vya zamani vitafanywa nini?
– Itaanza lini? Za usalama zianze mara moja. Za vifaa zitangazwe mapema na kupewa angalau msimu mmoja wa mpito.
– Je, aliyeileta anauza matairi au spea hizo? Akiwa anauza, aseme wazi na asipige kura.

Kura ya siri husaidia, kwa sababu dereva mdogo huogopa kumpinga mwenye uwanja hadharani. Kumbukumbu za mkutano nazo ziandikwe na kusomwa, ili mwakani asitokee mtu wa kudai kulikubaliwa jambo ambalo halikusemwa.

Sikilizeni zaidi wale wa mkia wa orodha. Bingwa atapata gari popote aendako, lakini yule wa mwisho, akiona gharama zimemshinda, huondoka kimya kimya bila kuandika barua, na klabu hugundua siku ya mbio, magari yakihesabiwa.