Hisa Moja, Bob Tisa

Hapa Kutus, mkulima akipeleka kahawa kiwandani huuliza mawili: kilo ngapi, na tutalipwa ngapi kwa kilo. Wanahisa wadogo wa Uchumi, nadhani, walitaka jibu la aina hiyo tu.

Supamaketi hiyo ilianzishwa 1975. Juni 2006 ilifunga milango kwa madeni, na hisa zake zikasimamishwa soko la Nairobi hadi 2011. Miaka mitano huwezi kuuza hata moja! Lakini mwisho wa 2014 kampuni ilipowaomba wanahisa wanunue hisa mpya kwa bob 9, walileta pesa kuliko ilivyoomba. Ikachukua karibu milioni 895.

Juni 2015 bodi ikamfuta mkurugenzi mkuu. Rafu zilikuwa tupu, waliowauzia bidhaa wanadai.

Kuna wanaocheka kwamba wanahisa wadogo hufuata chakula na miavuli mikutanoni. Sawa, mwavuli ni mwavuli. Ila mwenye hisa 100 hana kiti kwenye bodi. Mkutano wa mwaka ndipo anaposhika maikrofoni na kuuliza: pesa zetu zilienda wapi, na mlipotuomba, mlikuwa mnajua hali?