Azimio Lilisikika kwa Mawe ya Betri

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, vijiji vingi vya Meru havikuwa na umeme. Redio za zamani za valvu, zile za betri, kwa kawaida zilitaka volti 1.5 za kupasha valvu moto na nyingine kama 90 za kuendesha chombo. Betri hiyo ilikuwa kubwa, tena ghali. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haipashwi moto. Redio yake ilitosheka na mawe manne, volti 6 tu. Miaka ya 1970 kiwanda cha Philips mjini Arusha kiliunganisha redio. Watangazaji tunawasifu, na ni haki yao, lakini mkulima alihesabu mawe. Yakichoka aliyaanika juani, apate walau taarifa ya habari ya usiku.