Jaghbub: Madrasa Iliyozaa Ufalme



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tumeiona ile filamu ya Umar Mukhtar, Lion of the Desert, iliyotoka mwaka 1981. Twamkumbuka yule mzee wa ndevu nyeupe akipigana na Wataliana. Lakini je, wajua kwamba mzee huyo alikuwa mwalimu wa Qur'ani? Na alisoma wapi? Katika kijimji cha jangwani kiitwacho Jaghbub, mashariki mwa Libya, karibu na mpaka wa Misri.

Jaghbub hapakuwa na la kutamanisha. Maji yenyewe yana chumvi. Mwaka 1856 mwanachuoni mzaliwa wa Algeria, Sayyid Muhammad bin Ali al-Sanusi, alihamia huko na wanafunzi wake. Mbona huko? Kwa sababu palikuwa mbali na Waturuki waliotawala pwani, mbali na Wafaransa walioiteka Algeria, tena njiani kwa mahujaji na misafara ya biashara (na tusifiche, hata ya watumwa). Akajenga zawiya: msikiti, madrasa na maktaba yenye maelfu ya vitabu.

Ajabu ya siasa yake ndiyo hii. Mabedui wakigombania visima na malisho, hawakwenda kwa gavana. Walikwenda kwa masheikh wa zawiya, wakapatanishwa. Polepole, wale walimu wakawa ndio serikali ya jangwa. Mwaka 1895 mwanawe, Sayyid al-Mahdi, alihamisha makao hadi Kufra, kusini zaidi, lakini Jaghbub ikabaki na heshima yake.

Italia ikavamia Libya mwaka 1911. Tarehe 6 Desemba 1925, Misri na Italia zikatia saini mkataba, na Jaghbub ikapewa Italia. Yaani mji mzima ukahama nchi kwa wino! Februari 1926 wanajeshi wakaingia. Mwaka 1931 wakaweka ua wa seng'enge kutoka baharini mpaka Jaghbub ili wapiganaji wasipate msaada kutoka Misri. Septemba mwaka huohuo Umar Mukhtar akanyongwa.

Tarehe 24 Desemba 1951 Libya ikapata uhuru. Mfalme wake? Idris, mjukuu wa al-Sanusi, mzaliwa wa Jaghbub! Lakini tarehe 1 Septemba 1969 Gaddafi akampindua, mfalme mwenyewe akiwa Uturuki.

Hebu tupige hesabu. Kabla ya Wataliana kuingia, zawiya ilikuwa imesimama miaka 70. Kiti cha enzi hakikufika hata miaka 18.

Vijana wenzangu, kila uchaguzi twauliza, "Sisi tutapata wabunge wangapi?" Si swali baya. Lakini mtaani kwetu, nani anafundisha watoto madrasa? Majirani wawili wakigombana, nani anaaminiwa na wote wawili? Watu wa Jaghbub walianzia hapo, na uongozi ukawafuata wenyewe.

Allah (S.W.T.) atutakabalie funga zetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.