Nani Yuko Studioni Usiku? Hadithi ya Redio za Mitaani Marekani

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata, nataka tuongee kuhusu redio. Najua wengine mtasema redio ni mambo ya kale, lakini subirini kidogo. Katikati ya hadithi hii kuna programu ya tarakilishi, na mimi kama mwandishi wa programu nina deni.

Deni lenyewe ni hili. Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja kidogo cha FM (sitakitaja) kiliniomba nikiandikie programu ya kupanga nyimbo na matangazo ya biashara ya usiku. Kazi haikuwa ngumu: orodha ya faili, saa, na kanuni chache za kuzuia wimbo mmoja usirudiwe kila mara. Ilifanya kazi vizuri, vizuri mno. Mwezi uliofuata, kijana aliyekuwa akikesha studioni aliambiwa asije tena. Nililipwa pesa zangu, nikanunua diski mpya, nikasahau. Kisha siku moja nikasoma habari za mji unaoitwa Minot, na tangu hapo sijasahau tena.

Lakini tuanze mwanzo.

Jinsi redio ilivyopata mlipaji

Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilianza matangazo yake tarehe 2 Novemba 1920 kwa kusoma matokeo ya uchaguzi wa urais wa Marekani. Mwenye kituo alikuwa Westinghouse, kampuni iliyotengeneza mitambo na redio zenyewe. Vipindi vilikuwa chambo cha kuuzia redio, basi. Swali la nani atalipia vipindi siku zote lilipata jibu tarehe 28 Agosti 1922, pale kituo cha WEAF cha New York kilipouza dakika 10 za hewani kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta wapangaji wa nyumba zake mtaani Queens. Bei ilikuwa dola 50. Redio ya kibiashara ilizaliwa hapo.

Masafa nayo hayaongezeki kama viwanja vya Kitengela. Vituo viwili vikirusha kwenye masafa yale yale mahali pamoja, msikilizaji anapata kelele tupu. Ndiyo maana mwaka 1927 serikali iliunda tume ya kuyagawa, na mwaka 1934 tume nyingine, FCC, ikashika kazi hiyo. Makubaliano yalikuwa wazi: hewa ni ya umma, na anayepewa leseni aitumie kwa manufaa ya umma.

Miaka ya 1950 runinga ikaingia. Tamthilia, vichekesho na waimbaji wakubwa wote wakahamia huko. Watu wakaanza kuchimba kaburi la redio. Haikufa! Ilifanya jambo ambalo runinga ya kitaifa haikuweza: ilirudi mtaani. Mwaka 1954 redio ndogo ya transista ilianza kuuzwa, ukaiweka mfukoni. Magari yakawa na redio. Na kila mji ukawa na mtangazaji wake, anayetoa bei za mazao, hali ya barabara, matokeo ya mechi ya shule ya upili na habari za mbwa aliyepotea.

Mfano ninaoupenda ni WDIA ya Memphis. Mwaka 1948 wenye kituo, ambao walikuwa Wazungu na biashara yao ilikuwa imedorora, walianza kuelekeza vipindi kwa Wamarekani Weusi, watu ambao redio nyingi ziliwapuuza. Biashara ikashika. Miongoni mwa watangazaji wake alikuwa kijana mmoja mpiga gitaa aliyekuja kujulikana duniani kote kama B.B. King. Kituo kiliwafaa wenyeji kwa sababu kiliwajua.

Mwaka 1996

Kwa muda mrefu sheria ilizuia mtu mmoja kumiliki vituo vingi. Kuanzia mwaka 1953 kikomo kilikuwa vituo 7 vya AM na 7 vya FM nchi nzima. Kikapandishwa kidogo kidogo hadi kufikia 20 na 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vingi vilikuwa vikipata hasara, na wamiliki wakalia kwamba wangeokoka kama wangeruhusiwa kuunganisha ofisi na wafanyakazi. Kilio hicho hakikuwa cha uongo.

Tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Mawasiliano. Kikomo cha nchi nzima kikaondolewa kabisa. Katika miji mikubwa kampuni moja iliweza sasa kumiliki hadi vituo 8. Kampuni ya Clear Channel ya San Antonio, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilikuwa na vituo 40 hivi kabla ya sheria hiyo. Miaka michache tu baadaye ilikuwa na zaidi ya 1,200. Soma tena namba hizo.

Sasa programu

Utaviendeshaje vituo 1,200 bila kulipa maelfu na maelfu ya watangazaji? Hapa ndipo watu wa kazi yangu walipoingia.

Mtangazaji aliye mji wa mbali anafungua orodha ya nyimbo kwenye skrini. Anasikia sekunde za mwisho za wimbo unaoisha, anarekodi maneno yake, anasikia sekunde za mwanzo za wimbo unaofuata, anasonga mbele. Nyimbo zenyewe hazisikilizi. Kipindi cha saa 4 anakimaliza kwa chini ya saa moja. Faili zinasafiri kwa mtandao wa kampuni hadi kwenye tarakilishi ya kituo, nayo inazicheza kwa wakati wake. Mbele yake ana karatasi yenye jina la timu ya mji ule na barabara zake kuu, ili msikilizaji adhani yuko pale. Mchana huo huo anaweza kurekodi vipindi vya miji mingine mitatu.

Nitasema ukweli: ni kazi safi ya uhandisi. Ningeliombwa mimi, ningeiandika. Kwa kweli niliombwa, na nikaiandika.

Usiku wa Minot

Tarehe 18 Januari 2002, kama saa nane kasorobo usiku, treni ya mizigo iliacha reli nje kidogo ya mji wa Minot, jimbo la North Dakota. Matangi 5 yalipasuka na kumwaga zaidi ya lita nusu milioni za amonia. Baridi ilikuwa kama nyuzi 20 chini ya sufuri, na wingu zito la gesi likatanda juu ya nyumba za watu waliolala. Sehemu ya mji ikapoteza umeme. Fikiria uko gizani, macho yanawaka, kifua kinabana. Je, ukimbie au ufunge madirisha? Unatafuta redio ya betri.

Clear Channel ilikuwa na vituo 6 vya kibiashara mjini humo, kimojawapo KCJB, ambacho ndicho kilichotegemewa kutoa tangazo la dharura. Polisi walisema walipiga simu kituoni na hawakujibiwa. Kampuni kwa upande wake ilisema kulikuwa na mtu, ila simu za wananchi waliojawa hofu zilizidi laini, na kwamba polisi hawakuwa wameandaa vizuri mfumo mpya wa tahadhari. Nadhani kila upande ulikuwa na sehemu ya makosa. Lakini watu wa Minot walikumbuka jambo moja: mji uliposongwa na gesi, redio iliendelea kucheza muziki. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia.

Seneta Byron Dorgan wa jimbo hilo aliipeleka hadithi hiyo Washington. Hata hivyo, mwezi Juni 2003 FCC ilipiga kura 3 kwa 2 kulegeza sheria za umiliki zaidi. Ilibidi mahakama isimamishe mpango huo mwaka 2004.

Mteremko

Kejeli ni kwamba kubana matumizi hakukuziokoa kampuni zenyewe. Mwaka 2008 Clear Channel ilinunuliwa kwa mikopo mikubwa, wakati matangazo ya biashara ya mitaani yalikuwa yameanza kuhamia intaneti. Mwaka 2014 ilibadili jina kuwa iHeartMedia. Machi 2018 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, ikiwa na deni la karibu dola bilioni 20. Januari 2020 ikapunguza tena wafanyakazi kwa mamia, na safari hii ikataja akili bandia katika mipango yake.

Angalia walichouza. Nyimbo mfululizo bila mtu anayekujua, simu yako inakupa, tena bila matangazo ya sabuni. Kitu pekee ambacho simu haikuwa nacho ni yule mtu wa mtaani. Wakamfuta yeye kwanza.

Na kwetu?

Mwaka ule ule wa 1996 Capital FM ilianza kusikika Nairobi, na mwaka 2000 Kameme ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Tumepata redio za lugha nyingi, nazo bado zina wasikilizaji. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu watu wakiwa usingizini, na wengi wakafa. Sisemi redio ingeliwaokoa. Nasema tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwaza ile programu yangu, inayocheza nyimbo saa tisa usiku katika studio isiyo na mtu.

Wiki iliyopita niliwapigia wale jamaa wa kituo. Nikawaambia nataka kuongeza kitu kimoja, bure: namba ya simu ambayo chifu au mtu wa Msalaba Mwekundu akiipiga na kuingiza nywila, muziki unazimika na sauti yake inaingia hewani. Kazi ya siku mbili. Wamesema watafikiria.

Nimeuliza pia kuhusu yule kijana. Hakuna anayejua alikokwenda.